Hina ya Kumvusha Mama

Hina ile niliitwanga mwenyewe. Naanza na hilo, asije mtu akasema nimelificha.

Ilikuwa Busi, nyumbani kwa mama mkwe wangu, siku mbili kabla ya safari. Tulikuwa tumetoka Ipagala, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka kumi na minne, tukamchukue mama twende naye nchi ya pili kwa mdogo wake. Sitataja ni mpaka gani tuliovukia. Waliokuwepo wanajijua. Safari yenyewe tuliipangia wiki tatu, tutembelee na ndugu wengine wa upande wa mume, lakini hao wengine walikuwa nyongeza tu. Kilichotutoa nyumbani ni huyo mdogo mtu. Alikuwa na uvimbe tumboni, anapasuliwa Alhamisi asubuhi, na madaktari waliwaambia watoto wake wazi kwamba moyo wake ni dhaifu, anaweza asiamke. Yeye na mama mkwe walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa. Alimwambia dada yake kwenye simu, "Nataka nikuone kabla hawajanilaza." Basi. Hakusema lingine.

Mama mkwe wangu alikuwa hajapaka hina tangu afiwe na mumewe. Eda ilikwisha, miaka nane ikapita, bado mikono mikavu. Sikukuu zote tulikuwa tunamwomba, anasema, "Nipambe nimpendeze nani." Safari hii nilimbana. Nilimwambia, "Mama, mgonjwa haendewi na mikono ya msiba. Akikuona hivyo atajua umekuja kumzika." Akauangalia mkono wake, halafu akasema, "Haya, leta hiyo hina yako."

Nilichuma majani ya mhina kwa jirani, nikayatwanga, nikakamulia limao, nikatia chai kavu. Piko, ile rangi nyeusi, sikuitaka, kwa sababu ya udhu, maana watu wanabishana kama maji yanapita au hayapiti. Hina tupu. Viganja nilimpaka mara moja, ncha za vidole mara tatu, nikamfunga vitambaa. Asubuhi alipofungua, vidole vilikuwa vyekundu vimekolea mpaka vinaelekea weusi. Alikuwa anavitazama kwa siri, akidhani hatumwoni. Binti yangu akamwambia, "Bibi, umekuwa mwali." Bibi akamwambia, "Nyamaza, nenda kalete kuni." Lakini alikuwa anacheka.

Mume wangu alikuwa amekaa palepale, kwenye kigoda, anakunywa uji wa uwele. Alimwona mama yake na ile mikono. Akasema, "Mama umependeza." Naomba mkumbuke kwamba alisema hivyo.

Jumanne tukasafiri mpaka Arusha, tukalala. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi tukapanda basi la kuvuka. Tungefika mjini kwao saa nane, na hospitali wanaruhusu kuona wagonjwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilipiga hesabu nikaona muda upo wa kutosha, hata wa kuoga upo. Nikasoma dua ya safari, nikavuta tasbihi yangu, roho ikatulia.

Saa mbili tukafika mpakani. Konda akasema nusu saa, kila mtu ashuke agonge muhuri, anayechelewa shauri yake. Tukapanga foleni. Akapita mume wangu, akapita binti, nikapita mimi. Unaweka vidole vinne kwenye kioo cha mashine, inawaka taa ya kijani, unaweka vya mkono wa pili, unapigwa picha, umemaliza. Akaja mama.

Dirishani alikuwa dada mmoja wa umri wa kuwa mwanangu, amesuka vizuri, kucha ndefu. Hakumwamkia. Nililiona hilo kabla ya jingine lolote. Alisema tu, "Weka vidole." Mama akaweka. Taa ikawaka nyekundu. "Bonyeza." Akabonyeza. Nyekundu. "Futa." Akafuta kwenye mtandio wake. Nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Kidole gumba peke yake, nyekundu.

Yule dada akaukamata mkono wa mama akaugeuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Akasema, "Sasa hii hina ya nini? Na vidole vyenyewe havina hata mistari. Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nalima," mama akajibu.

"Basi hapa haupiti. Mashine haisomi. Rudini nyumbani, hina ikitoka mje tena."

Nikamwambia, "Mwanangu, hina haitoki leo wala wiki hii. Tunakwenda kwa mgonjwa anayepasuliwa kesho."

"Kila mtu hapa anakwenda kwa mgonjwa."

Ndipo mume wangu, aliyekuwa amesimama pembeni na pasipoti zetu mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka alipoweka kofia yake, "Eeh, kweli. Hata kule tulipokwenda kumtengenezea mama pasipoti, yule kijana alisema. Alisema siku ya safari asiwe na hina, inasumbua mashine."

Nikamgeukia. "Alikwambia lini?"

"Siku ile tulipochukua pasipoti."

"Mwezi wa ngapi huo?"

"Mama watoto, si hapa."

"Ulikuwa umekaa na bakuli la uji ukimwangalia. Ukasema amependeza."

"Nilisahau."

Mtu akikwambia nilisahau, umemaliza, huna pa kushika. Angekuwa ametukana ningemjibu. Angekuwa amedanganya ningemuumbua. Mume wangu ni mpole, ni fundi umeme anayesifiwa na kila mtu Ipagala kwa uvumilivu wake, na kwa kweli sijawahi kuuchukia upole wa mtu kama nilivyouchukia siku ile. Alirudi dirishani akatabasamu. "Mkubwa wangu, tusaidie tu," anamwambia yule dada. Mkubwa wangu. Nilitaka ardhi inimeze, au immeze yeye, mmojawapo.

Basi lilisubiri nusu saa na dakika kumi zaidi. Konda alikuja, akatuangalia, akasema, "Mama, mimi nina abiria arobaini." Hakuwa mbaya. Akatushushia mizigo: begi tatu, mfuko wa unga wa uwele, mlenda mkavu niliouanika mwenyewe, na dumu la asali ambalo mama mkwe alilibeba mapajani tangu Busi hakutaka liguswe. Basi likaondoka. Tukabaki tumekaa juu ya mizigo yetu kwenye varanda ya saruji.

Nikarudi dirishani peke yangu. Nikauliza kama kuna mkuu wake. "Mkuu katoka." Atarudi saa ngapi? "Sijui, mimi sio saa yake." Nikauliza kama kuna njia nyingine, kwa mtu ambaye hana vidole kabisa, kwa mfano, huyo anavukaje? Akaniambia, "Bibi yako anavyo vidole." Halafu akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili, akasema kwa Kiingereza kwamba hawa bibi wa shamba ni taabu tupu, wangekaa tu huko vijijini kwao.

Sasa, mimi nilisoma masomo ya jioni. Darasa la saba nilimaliza nikaolewa, na nilipofika miaka thelathini na tano nikarudi shule, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili, madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Nilikaa miaka minne nikafanya mtihani wa kidato cha nne, nikafaulu. Kiingereza kilikuwa ndilo somo nililolilia zaidi. Kwa hiyo nilimwelewa, neno kwa neno. Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho, kwamba huyu ni mama yangu na anastahili heshima. Nilichanganya maneno, nikajua papohapo kwamba nimekosea. Yule dada akatabasamu, akanirekebisha, polepole, kama mwalimu, na watu kwenye foleni wakasikia. Mmoja akacheka kidogo.

Nimelelewa kwamba hasira ni kaa la moto, ukilishika linakuunguza wewe kwanza. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili na sikutaka kuliachia.

Ilipofika adhuhuri nikatandika khanga nyuma ya jengo, kwenye kokoto, nikasali. Nasema ukweli mbele ya Mungu, sijui nilisali nini. Mdomo ulikuwa unasoma, moyo ulikuwa dirishani. Nilipotoa salamu upande wa kulia nikamwona mume wangu amesimama kwenye jua anakula hindi la kuchoma. Nilipotoa salamu upande wa kushoto nikaona pale nilipomwacha mama hayupo.

Binti yangu akaja anakimbia. "Mama, njoo. Bibi yuko bombani."

Kulikuwa na bomba karibu na vyoo, na ngazi ya saruji chakavu. Mama mkwe wangu alikuwa amechuchumaa, amekunja mikono ya gauni, amechota mchanga kiganjani. Alikuwa anasugua vidole. Si kunawa, kusugua, vile tunavyosugua sufuria lililoungua, mchanga na maji, mchanga na maji. Mchanga ulipoisha nguvu, akageukia ngazi. Akaweka ncha za vidole kwenye saruji akawa anazisukuma mbele na nyuma, mgongo wote unakwenda, kama yuko juu ya jiwe la kusagia.

"Mama, acha."

"Hii hina yako ndiyo inayokataa?"

"Ndiyo mama, lakini acha, unajichubua."

"Niache. Jiwe la kusagia limenisugua miaka arobaini halikuniua. Saruji itanifanya nini."

"Mama nakuomba."

"Mdogo wangu analazwa kesho," akasema, wala hakuniangalia. "Wewe unaniomba nini?"

Nilichuchumaa nikamshika mikono. Akaivuta. Ana miaka sabini na nne na alinishinda nguvu. Binti yangu alikuwa amesimama na chupa ya maji analia bila sauti. Na mimi, badala ya kulia, nilikuwa nawapangia watu hasira zangu mmoja mmoja: yule dada na kucha zake, yule aliyecheka kwenye foleni, mume wangu na hindi lake. Sikujiweka mimi kwenye orodha. Hina iliyokuwa inatoka pale na ngozi ilikuwa ya mkono wangu, ncha za vidole mara tatu, ilhali mara moja ingetosha. Nilitaka aonekane. Nilitaka wale ndugu wa ng'ambo waseme mkamwana wa Ipagala anajua kumpamba mkwewe. Hilo nimelikiri baadaye sana.

Vidole vilitoka damu, vitatu vya mkono wa kulia na gumba la kushoto. Akavifunga na ncha ya mtandio, akanyanyuka, akaenda mwenyewe mpaka dirishani, akavipanga kwenye kioo.

Nyekundu.

Yule dada aliona damu kwenye kioo chake. Akachukua karatasi laini akafuta, akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Bibi, si nimesema msubiri mkuu." Hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema turudi nyumbani.

Mkuu alirudi saa nane na nusu. Mwanamume wa makamo, kijiti mdomoni, ametoka kula. Akapita karibu na varanda akasimama, akasema, "Shikamoo mama." Mtu wa kwanza tangu asubuhi. Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu." Akauliza tunasubiri nini. Mume wangu akaanza na mkubwa wangu zake, nikamkata katikati nikaeleza mimi. Mkuu akatusikiliza, akaingia ndani, akaichukua pasipoti ya mama.

"Ana sabini na nne?"

"Sabini na nne."

"Sasa mbona mmehangaika? Wazee wa umri huu, mashine ikikataa tunaruka vidole. Tunapiga picha tu anapita." Akainama juu ya kompyuta ya yule dada, akabonyeza mahali pamoja, akasema, "Mama angalia hapa." Mama akaangalia. Muhuri ukapigwa. Hata dakika mbili hazikufika.

Yule dada akasema, "Sikujua mkuu. Nimehamia hapa juzi tu."

Nilimwambia, "Mwanangu, ulikuwa na saa sita za kuuliza."

Akaangalia chini. Nikaendelea. Nilimwambia aangalie vidole vya mama, na mama akavificha chini ya mtandio, hakutaka vioneshwe. Nilimwambia mimi nina binti wa kike na siku atakayomshika mzee mkono kama anashika nyanya, nitajua nimezaa hasara. Nilisema na mengine. Mkuu akasema, "Mama, tusameheane, mambo ya kazi." Nikamwambia msamaha ni wa Mungu, mimi nataka gari. Sauti yangu ilikuwa imefika mpaka kwa wauza mahindi. Binti yangu alikuwa ananivuta khanga, "Mama, basi, mama, punguza sauti." Nikashindwa kuipunguza. Najua ninachofundishwa kuhusu ulimi, na siku ile sikukifuata. Sijutii yote niliyosema. Nusu hivi najutia.

Tulipata gari dogo la abiria saa tisa. Njia nzima sikuongea na mume wangu. Kuna mahali alisema, "Nilikosea, mama watoto." Nikaangalia dirishani. Mama mkwe, aliyekaa kati yetu, akasema, "Na mimi nilikuwa na akili gani, miaka nane nakaa mikono mikavu, siku ya safari ndiyo napambwa." Alitaka tucheke. Mume wangu alicheka. Nikamchukia upya.

Tulifika saa moja jioni. Geti la hospitali limefungwa, mlinzi anasema kesho saa sita mchana. Kesho saa sita mchana mgonjwa atakuwa ameshapasuliwa. Watoto wa yule mama mdogo walituchukua nyumbani kwao. Asali na unga tukaviweka jikoni. Hatukula sana.

Baada ya sala ya alfajiri tukarudi getini, sisi wote, kabla jua halijatoka. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameongea na muuguzi. Muuguzi akasema ataingia mtu mmoja, dakika tano, wakati wanamtoa wodini. Mama mkwe akasema, "Na huyu, macho yangu hayaoni vizuri humo ndani." Akanishika mimi. Macho yake yanaona vizuri tu, anatunga sindano mpaka leo.

Tulimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, kwenye ukumbi, amefunikwa shuka la kijani. Nilikuwa namjua kwa picha tu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mashavu yameingia. Mama mkwe akamwinamia wakaongea kwa lugha ya kwao, haraka, wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Halafu mdogo mtu akaushika mkono, akauleta karibu na uso wake. Kiganja chekundu kizuri, na ncha za vidole zimechubuka, ngozi mbichi.

Akauliza kwa Kiswahili, akiniangalia mimi, "Nani kamfanya hivi?"

Nilikuwa na majina ya watu wengi wa kumtajia, tangu jana nilikuwa nayo tayari.

Mama mkwe wangu akasema, "Huyu mkamwana wangu ni mvivu. Ananisuguzisha masufuria."

Mgonjwa akacheka. Alicheka akashika tumbo kwa maumivu, muuguzi akasema mama usicheke, naye akaendelea kucheka. Akaniambia, "Nikiamka tutaongea mimi na wewe." Wakamsukuma. Mama akatembea na kitanda mpaka kwenye mlango, kidole kimoja kibichi kimeshikwa na mdogo wake, mpaka muuguzi alipowaachanisha.

Aliamka. Ilichukua muda mrefu, na wiki tatu zetu zikawa tano, lakini aliamka, na sasa hivi wanapigiana simu kila Ijumaa na kunisema.

Mume wangu husema yale yalipita. Mimi nimemsamehe, nilimsamehe kwa sababu ni wajibu, na kila akichukua bakuli la uji nakumbuka. Yule dada wa dirishani nimemwombea mara nyingi. Bado haijawa dua nzuri.

Idi iliyofuata tulikuwa Busi. Vidole vya mama vilikuwa vimepona zamani. Nilitwanga hina kwa ajili ya binti yangu, na mama mkwe akaja akaketi mkekani mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili. Nikaanza na kiganja, nikaishia kwenye kiungo, vidole nikaviacha.

"Na vidole," akasema.

"Mama, hapana."

"Paka na vidole. Mimi sivuki tena popote."

Binti yangu akaniangalia. Mume wangu, kwenye kigoda chake, hakusema kitu, na alifanya vizuri. Nilipaka. Mara tatu, kama alivyotaka, huku ile hasira ya mpakani bado ninayo.